Mbuzi wa kamba siku ya Jumapili

Ndugu Mhariri,

Jumapili wakati wa ibada, kandokando ya barabara ya Kigumba hadi Bweyale utawakuta mbuzi wamefungwa kamba. Jua limepanda, majani yanayofikiwa na kamba yameshaliwa hadi chini, na maji hayapo. Mwenye mbuzi yuko kanisani, anaimba kwamba Bwana ndiye mchungaji wake, hatapungukiwa na kitu. Atarudi saa nane mchana, pengine saa tisa kukiwa na mnada wa sadaka. Naomba nafasi katika gazeti lako niwaambie Wakristo wenzangu wanaofuga, na zaidi watumishi wanaotuhubiria, kwamba huruma ya Mungu tunayoisoma katika Biblia ina saa zake na vipimo vyake, na anayetaka kuielewa vizuri aanzie zizini.

Jambo la mnyama kukaa na kiu siku ya ibada Bwana Yesu alilitaja mwenyewe. Katika Luka 13, mkuu wa sinagogi alipokasirika kwa sababu mwanamke aliyepinda mgongo aliponywa siku ya sabato, Yesu aliwauliza kama kuna yeyote kati yao asiyemfungua ng'ombe au punda wake siku hiyo akampeleka kunywa. Hakuna aliyebisha. Ilikuwa kazi ya kila nyumba, na juu ya kazi hiyo ndogo alijenga hoja yake kuhusu yule mama. Kwetu hoja hiyo ingekosa pa kusimama, maana mbuzi wetu hawakufunguliwa.

Kumtendea haki mbuzi wa kamba kunachukua robo saa. Mbuzi mzima anahitaji lita 4 hadi 5 za maji siku ya joto, na anayenyonyesha anahitaji zaidi. Mnyweshe kabla hujaoga kwenda kanisani, kisha mhamishe penye kivuli na majani ambayo hayajaliwa. Kamba ya mita 4 au 5 inatosha, mahali pasipo kichaka wala kisiki cha kujisokotea. Mfunge kwa ukanda mpana shingoni. Kamba nyembamba ya mguuni inakata ngozi na kuleta funza, na kitanzi kinachokaza kinamnyonga akishtuliwa na mbwa. Kwenye kigingi weka pete inayozunguka, kamba isijikunje. Kama huna wa kumhamisha mchana, ni heri abaki bandani na majani ya kukatiwa na ndoo ya maji.

Mithali 12:10 inasema mwenye haki huuangalia uhai wa mnyama wake, bali huruma za mwovu ni ukatili. Sehemu ya pili ya mstari huo ndiyo inayonisumbua, kwa sababu huruma inayokuwa ukatili naiona kila mahali penye mifugo. Mtu anampenda ng'ombe wake, anamnunulia dawa kwa fedha ya shida, halafu anampa nusu ya kipimo ili chupa ifike mwisho wa mwezi. Ng'ombe haponi, na wadudu waliobaki wanajifunza kuishi na dawa ile.

Chukua dawa ya kupe. Amitrazi ya asilimia 12.5 huchanganywa mililita 2 kwa lita 1 ya maji, yaani pampu ya lita 20 hupokea mililita 40. Wengi humimina kifuniko kimoja kwa kukadiria, kisha pampu moja inaogesha ng'ombe kumi. Ng'ombe mkubwa anataka lita 5 hadi 10 ili alowe sawasawa, kwa hiyo pampu moja inatosha wawili, wasizidi wanne. Dawa ipulizwe kinyume cha manyoya, asubuhi au jioni, mnyama akiwa ameshakunywa maji asije akailamba kwa kiu. Usiishie mgongoni. Kupe wa masikio, anayeleta ndigana kali, anakaa ndani ya sikio. Wengine wako chini ya mkia, kwenye kiwele, kwenye korodani na katikati ya kwato. Kupe wa masikio akishajishikiza huchukua siku kadhaa akinyonya kabla hajaingiza vimelea vya ndigana, na ndiyo sababu ratiba ya kila wiki inaokoa ndama na ratiba ya "nikipata nafasi" haiokoi. Kuchanganya dawa mbili, au kuongeza ile ya kunyunyizia nyanya, ni hatari kwa ng'ombe na kwa anayepuliza, na hapa Uganda imechangia kupe kuwa sugu. Amitrazi usimpake punda kamwe. Humfunga matumbo na inaweza kumuua.

"Mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana," inasema Mithali 11, na huwa tunaihubiri kwa wauza sukari na wauza mahindi. Naamini inaingia pia katika kifuniko cha dawa. Aliyepunjwa hapa hana mdomo wa kulalamika.

Kujua uzito wa mnyama hakuhitaji mizani. Zungusha kamba ya fundi cherehani kifuani, nyuma ya miguu ya mbele, uandike sentimita. Pima urefu kutoka ncha ya bega hadi mfupa wa kalio ulio pembeni mwa mkia. Kifua mara kifua, mara urefu, gawanya kwa 10,840, utapata kilo. Mbuzi wa kifua sentimita 65 na urefu sentimita 60 ana kilo 23 na kidogo. Wengi wetu tukimtazama kwa macho tunasema 15, na hapo ndipo dawa ya minyoo inapopungua. Tena mbuzi huimaliza dawa mwilini haraka kuliko kondoo, hivyo kipimo cha kondoo mara nyingi hakimtoshi. Daktari wa mifugo wa kata yako akuambie cha mbuzi kwa dawa uliyoishika. Mjamzito wa mwezi wa kwanza usimpe albendazoli. Na unaponywesha, kichwa kisiinuliwe juu. Kiweke sawa na mgongo, ingiza bomba pembeni mwa mdomo, dawa iende juu ya ulimi polepole. Kichwa kikiinuliwa, dawa huingia mapafuni, na mbuzi uliyekuwa unamtibu minyoo anakufa kwa kifua.

Sasa niseme juu ya fimbo, maana hapa ndipo naona mahubiri yetu yanapungukiwa zaidi. Zaburi ya 23 inasema gongo na fimbo ya mchungaji vinafariji, na mara nyingi tunaelezwa kuwa ni silaha ya kumpiga mnyama mkali. Ni kweli, lakini katika Mambo ya Walawi 27 na Ezekieli 20 fimbo ina kazi nyingine: kundi linapita chini yake, mmoja mmoja. Ni kazi ya mlangoni jioni. Mlango wa zizi uwe mwembamba, wapite mmoja nyuma ya mwingine, na anayehesabu asihesabu vichwa tu.

Anayejua kazi hiyo anatazama nini? Mwendo kwanza: anayechechemea, kwato zake zifunuliwe siku hiyohiyo. Mkia, kama una kinyesi kilichoganda. Chini ya taya, kama pamevimba na kuwa laini kama mfuko wa maji. Manyoya yaliyosimama. Ubavu wa kushoto nyuma ya mbavu, kama umebonyea kwa njaa au umevimba kwa gesi. Kwa ng'ombe, mtoki chini ya sikio na mbele ya bega. Ukivimba naye ana joto la nyuzi 40 au zaidi, ndigana kali imeanza, na dawa ya buparvakwoni, mililita 1 kwa kila kilo 20, humsaidia akiipata mapema. Akishaanza kukohoa na kutoa povu puani, mara nyingi umechelewa.

Kwa mbuzi na kondoo ongeza jicho. Shusha ukope wa chini kwa kidole gumba, mahali penye mwanga wa mchana, utazame rangi ya utando wa ndani. Mwekundu au wa waridi iliyoiva, damu ipo. Mweupe kama karatasi, minyoo ya tumbo inayofyonza damu imemmaliza. Ipo kadi ya rangi tano iliyobuniwa Afrika Kusini kwa kazi hii: rangi ya kwanza na ya pili usimpe dawa, ya nne na ya tano mpe leo, ya tatu amua kwa hali yake, kama ni mdogo au ananyonyesha mpe. Katika kundi, wanyama wachache ndio wanaobeba sehemu kubwa ya minyoo. Ukiwapa dawa wote kila mara, minyoo pekee inayobaki malishoni ni ile iliyoishinda dawa, nayo inazaana peke yake. Ukiwatibu wanaohitaji na kuwaacha wazima, malisho yanabaki na minyoo ambayo dawa bado inaiweza.

Watumishi, mtanisamehe nikisema wazi. Katika makanisa mengi tunawapa waumini wote dawa moja, kwa kipimo kimoja, kila Jumapili: mahubiri ya kukemea. Mjane aliyepauka anakemewa pamoja na tajiri aliyeshiba. Kijana aliyeanza kuchechemea hajaonekana kwa sababu hakuna mlango mwembamba. Tunahesabu waliohudhuria na sadaka iliyopatikana, tunafunga daftari. Ezekieli 34:4 inawashtaki wachungaji wa Israeli kwa mambo matano waliyoyaacha, na yote ni kazi ya mikono: wagonjwa hamkuwatia nguvu, wenye maradhi hamkuwaponya, waliovunjika hamkuwafunga, waliofukuzwa hamkuwarudisha, waliopotea hamkuwatafuta. Hakuna hata moja unaloweza kulifanya kwa kipaza sauti. Wahima, wafugaji wa Nyabushozi magharibi mwa Uganda, humjua kila ng'ombe kwa jina linalotokana na rangi yake na umbo la pembe zake. Yohana 10 inasema mchungaji huwaita kondoo wake kwa majina yao. Mzee wa kanisa mwenye kaya 60 katika mtaa wake anaweza kuyajua majina yote, akapita kwa zamu, akashusha ukope kwa adabu: mmekula nini, mtoto yuko shule, nani hajalala.

Kuna jambo jingine ambalo ndama anatufundisha, nalo ni zito. Ndama huzaliwa hana kinga karibu yoyote mwilini. Kinga yake yote imo katika dang'a, maziwa ya kwanza ya mama, mazito na ya manjano. Utumbo wake unaweza kuipitisha kinga hiyo iingie kwenye damu kwa muda mfupi tu. Saa 6 za kwanza ndizo bora, baada ya hapo mlango unajifunga kidogokidogo, na ifikapo saa ya 24 umefungwa. Ndama wa kilo 30 anahitaji lita 3, yaani sehemu moja ya kumi ya uzito wake, na sehemu kubwa aipate ndani ya zile saa 6. Mwana-mbuzi wa kilo 3 anahitaji mililita 300, kidogokidogo, na ya kwanza kabla saa 2 hazijapita. Asipoweza kusimama, kamua umnyweshe kwa chupa safi. Kitovu kichovye kwenye tincha ya ayodini, ukizamishe chote, usipangusie kwa pamba. Ukamuaji wa dang'a kwa ajili ya kuuza au kunywa nyumbani kabla ndama hajashiba ni wizi, na malipo yake huonekana wiki ya pili kwa kuhara na viungo kuvimba. Hata ukimpa maziwa mengi siku ya tatu, lile la siku ya kwanza halirudi.

Tunafanya mikutano ya injili viwanjani, watu wanaokoka, majina yanaandikwa, tunapiga makofi, vyombo vinapakiwa kwenye lori. Nani anakwenda kwao kesho yake asubuhi? Aliyeokoka jioni anarudi kwenye nyumba ileile, pombe ileile, mume au mke anayemcheka. Petro aliandika kwamba waliozaliwa sasa wayatamani maziwa yasiyoghoshiwa, wapate kukua. Kanisa linalomfikia baada ya mwezi, na kadi ya mchango wa ujenzi mkononi, limefika wakati kuhara kumeshaanza. Walokole wa zamani wa uamsho wa Afrika Mashariki walikuwa na desturi ya kukutana katika vikundi vidogo, kuungama na kushiriki pamoja. Vikundi vile vilikuwa dang'a. Mkutano usiokuwa na watu waliopangwa kuwatembelea waliookoka ndani ya siku ya kwanza, kwa majina na kwa mitaa, uahirishwe hadi watu hao wapatikane.

Juu ya nira nitasema machache, wenzetu wa Teso na Lango wanaolima kwa maksai wanaijua kuliko mimi. Nira huchongwa kwa shingo za wanyama wenyewe, sehemu inayogusa ngozi ikilainishwa kabisa, kwa sababu kona moja iliyoachwa huleta kidonda ambacho hakiponi msimu mzima. Maksai mwanafunzi hufungwa na aliyezoea. Kazi ianze alfajiri, ikome kabla jua halijawa kali. Aliyesema nira yake ni laini alikuwa seremala, naye alizungumza na watu wenye shingo zilizochubuka kwa dini. Na Yakobo katika Mwanzo 33 alikataa kwenda mwendo wa wanaume mia nne wa Esau, akisema kondoo na ng'ombe wanaonyonyesha wakisukumwa siku moja tu watakufa wote. Kila kiangazi, ng'ombe wa Nakasongola na Karamoja wanapotembezwa mbali kutafuta maji, maneno hayo ni maelekezo ya kazi: wenye mimba kubwa na wenye ndama wachanga watengwe, wabaki karibu, wapelekewe maji au waende polepole.

Nimalizie na mnada wa kanisa. Ni desturi nzuri. Asiye na fedha taslimu analeta kuku, mayai, ndizi au mbuzi, vinanadiwa baada ya ibada, na kazi ya Mungu inaendelea. Lakini sote tunajua ni kuku yupi anayeondoka nyumbani haraka zaidi: aliyeanza kusinzia. Malaki 1:8 iliwauliza makuhani kama si vibaya kutoa mnyama kipofu, kilema na mgonjwa, na ikawaambia wakampe liwali wao waone kama atapendezwa. Kwa kuku kuna ubaya wa pili ambao Malaki hakuutaja. Kideri, ugonjwa wa kuku, husafiri kwa kinyesi, kwa mate, kwa kikapu, kwa soli ya kiatu. Kuku mmoja anayehara kijani, anayehema kwa mdomo wazi au aliyeanza kupinda shingo akiwekwa chini ya mwembe pamoja na wengine kumi, jioni wale kumi wanaenda kaya kumi. Banda lisilochanjwa linaweza kuisha karibu lote. Sadaka ya mtu mmoja imefilisi waumini kumi, tena wengi wao ni akina mama ambao kuku ndio benki yao. Torati katika Kutoka 21 ilimtaka mwenye ng'ombe anayejulikana kupiga pembe alipe, kwa kuwa alijua na hakumzuia. Na nguruwe vivyo hivyo: homa ya nguruwe haina tiba, na anayeuza haraka nguruwe wake baada ya kusikia wa jirani wamekufa anaupeleka ugonjwa mtaa mwingine kwa fedha ya anayemnunua.

Nawaomba viongozi wa makanisa yote, wa Kikatoliki, wa Kanisa la Uganda, wa Kipentekoste na Waadventista, waweke utaratibu. Kuku wa mnada watazamwe langoni na mtu anayejua, mwenye dalili arudishwe nyumbani bila kuaibishwa na mwenyewe aruhusiwe kuleta kitu kingine. Kila kuku akae kwenye tenga lake. Aliyenunuliwa atengwe huko aendako kwa wiki 2, mbali na wengine, na alishwe wa mwisho.

Halafu kanisa lisimamie chanjo. Chupa ya chanjo ya kideri hubeba dozi mia au zaidi, na ikishafunguliwa haikai, kwa hiyo mwenye kuku wanane hainunui. Kaya 20 za mtaa mmoja zikichanga, inamtosha kila mtu na bei inakuwa ndogo. Chanjo ya I-2 hudondoshwa jichoni, tone moja kwa kila kuku, mkubwa na kifaranga sawasawa, na hurudiwa kila miezi 3 au 4. Isafirishwe kwenye chombo cha baridi, isipigwe na jua. Wachanjwe wazima tu, kabla ugonjwa haujafika. Kinga huchukua kama wiki 2 kukomaa, hivyo anayechanja Desemba 20 kwa ajili ya Krismasi amechelewa. Tangazo litolewe kanisani wiki mbili kabla, kaya ziandikishe idadi ya kuku, na usiku wa kuamkia siku ile kuku wafungiwe ndani wasitawanyike. Kazi ianze alfajiri. Vijana wawili waliofundishwa na ofisa mifugo wa kata wanaweza kumaliza mtaa kabla ya kengele ya kwanza, na wanapopita wawanyweshe mbuzi wa wazee wasio na mtu.

Mfugaji na mwalimu wa shule ya Jumapili,
Bweyale, Kiryandongo